Catullus, Ovidius, Vergilius au Horatius: mshairi yupi wa Kilatini uanze naye?

Mtu akishamaliza sarufi ya Kilatini na kusoma kurasa kadhaa za Kaisari au za Biblia ya Vulgata, swali linalofuata huwa lilelile: sasa niingie kwa mshairi gani? Walimu wa zamani walijibu bila kusita: Vergilius, basi. Wengi wa siku hizi husema Catullus, kwa sababu mashairi yake ni mafupi. Kila jibu lina sababu zake, lakini yote mawili yanasahau kumuuliza mwanafunzi mwenyewe anakwama wapi. Washairi hawa wanne ni wagumu wote. Tofauti ni mahali ugumu wa kila mmoja ulipokaa, na mahali hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kuchagua.

Nawalinganisha wanne walioishi ndani ya takriban karne moja: Catullus alizaliwa yapata mwaka 84 KK, na Ovidius akafa mwaka 17 BK au mwaka uliofuata. Natumia majina yao ya Kilatini. Kwenye katalogi za Kiingereza utawakuta kama Virgil, Ovid na Horace. Lucretius, Propertius na wengine nimewaacha. Ni wazuri, lakini sijaona anayefaidika kwa kuanza nao.

Vigezo

Naangalia mambo sita. Urefu: je, kuna kipande kifupi kinachojitosheleza? Mpangilio wa maneno: ni umbali gani kati ya kivumishi na nomino yake, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Bahari anazotumia. Maarifa unayopaswa kuja nayo: visasili, siasa za Roma, majina ya watu. Darasani: anafundishika vipi, kwa nani. Mwisho, utafiti, kwa mwenye nia ya kuandika tasnifu.

Kuhusu bahari inabidi nitue kidogo. Aliyelelewa na tarbia anahesabu mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, huku sikio likisubiri kina cha kati na cha mwisho. Warumi hawa hawakujengea ushairi wao juu ya vina. Walipima silabi ndefu na fupi. Heksameta, bahari ya tungo zao za mashujaa, ina miguu sita, na kila mguu ni silabi ndefu ikifuatwa na fupi mbili, au ndefu mbili zikiandamana. Chukua mshororo wa kwanza wa Aeneis ya Vergilius na uukate hivi:

arma vi / rumque ca / no Tro / iae qui / primus ab / oris

Mguu wa kwanza, wa pili na wa tano ina silabi tatu. Iliyobaki ina mbili mbili. Jumla ni 15. Mshororo unaofuata unaweza kuwa na 13 au 17 na bado ukawa sahihi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni uzito. Tazama silabi *rum*: irabu yake ni fupi, lakini imefungwa na konsonanti na inafuatwa na konsonanti nyingine, kwa hiyo inapimwa kuwa ndefu. Silabi zetu za Kiswahili huishia kwa irabu karibu kila mara, ndiyo maana jambo hili hukawia kuingia masikioni. Dawa ni kusoma kwa sauti, kila siku, hata kama majirani watashangaa.

Catullus

*Urefu.* Hapa hana mpinzani. Shairi lake namba 85 lina mishororo miwili tu:

Odi et amo. quare id faciam, fortasse requiris?
nescio, sed fieri sentio et excrucior.

Maneno 14. Vitenzi vinane, na hakuna nomino hata moja wala kivumishi. Anachukia na anapenda kwa wakati mmoja. Ukimuuliza sababu, hajui, ila anahisi yanamtokea na yanamsulubu. Aliyemaliza sarufi juzi anaweza kulishika lote kichwani akaenda nalo sokoni. Namba 101, la kumuaga ndugu yake aliyezikwa mbali karibu na Troya, lina mishororo 10. Usidanganyike lakini kwamba yote ni mafupi hivyo: namba 64 lina mishororo 408 na ni zito kama lolote la Vergilius.

*Mpangilio wa maneno.* Katika mashairi mafupi, upo karibu na mazungumzo. Sentensi ni fupi na kitenzi huonekana mapema.

*Bahari.* Nyingi, na hilo huwaogopesha watu bure. Anayoipenda zaidi ina silabi 11 kwa kila mshororo, hazizidi wala hazipungui, kwa hiyo mtu wa mizani anajikuta nyumbani kuliko kwenye heksameta.

*Maarifa.* Kidogo sana kuhusu miungu, kingi kuhusu watu. Nani anamsema nani, kwa nini, anatania au amekasirika kweli? Ugumu wa Catullus ni sauti yake. Sarufi utaielewa, halafu kijembe kikupite. Aliyekulia karibu na mipasho ya taarabu ana sikio la kufaa hapa: anajua kwamba jina lisilotajwa ndilo linalolengwa.

*Darasani.* Matusi. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Namba 16 haisomeki mbele ya wazazi, na siyo peke yake. C. J. Fordyce alipotoa kitabu chake maarufu cha ufafanuzi mwaka 1961, aliruka mashairi 32 aliyoona hayafai. Walimu wa leo wengi humcheka kwa hilo, lakini anayefundisha kidato au seminari ndogo naye atalazimika kuchagua. Nashauri afanye hivyo kabla muhula haujaanza, akiwa na orodha mkononi.

*Utafiti.* Kwa anayevutiwa na hati za mkono, Catullus ni karamu. Mashairi yake karibu yote yalinusurika kupitia hati moja iliyoibuka Verona, mji wake wa kuzaliwa, yapata mwaka 1300, kisha ikapotea. Tulicho nacho ni nakala za karne ya 14: moja iko Oxford, moja Paris, na ya tatu Vatikani, ambako ilikaa bila kutambuliwa thamani yake hadi Mmarekani William Gardner Hale alipoiona mwaka 1896. Waliozinakili walikosea mara nyingi, na mshororo baada ya mshororo bado unabishaniwa.

*Anamfaa nani.* Mwenye muda mchache, mwenye kuchoka haraka na vitabu virefu, na mwenye hamu ya kugombana na maandishi yenyewe.

Ovidius

*Urefu.* Metamorphoses, utungo wake wa visa vya watu wanaogeuka umbo, ina vitabu 15 na karibu mishororo 12,000, lakini inakatika vizuri. Kisa cha Daedalus na Icarus, baba na mwana walioruka kwa mbawa za manyoya na nta, ni mishororo 53 katika kitabu cha 8. Pyramus na Thisbe, wapenzi waliotenganishwa na ukuta, ni 112 katika kitabu cha 4. Unasoma kisa, unakimaliza, unalala.

*Mpangilio wa maneno.* Laini kuliko wote wanne. Anapenda wazo likamilike pamoja na mshororo, au pamoja na mishororo miwili. Ukimzoea kwa wiki kadhaa unaanza kukisia neno linalokuja, na hakuna kitu kinachompa mwanafunzi moyo kama hicho.

*Bahari.* Heksameta katika Metamorphoses. Kwingineko kwa kawaida hutumia jozi ya heksameta na mshororo mfupi kidogo unaouitikia. Amores, mashairi yake ya mapenzi, inaanza kwa utani juu ya jambo hili hili: mshairi alikuwa ameketi kuandika vita kwa heksameta, Cupido, mungu wa mapenzi, akacheka, akamwibia mguu mmoja wa mshororo wa pili. Bila mguu huo hakuna tena utungo wa vita, ni mapenzi tu. Kwa mwanafunzi wa ushairi sijui somo la kwanza zuri kuliko hilo.

*Maarifa.* Hapa ndipo ugumu wake ulipo. Anadhani unavijua visasili vya Wagiriki vyote, na anamtaja mtu kwa jina la babu yake au la mlima wa kwao. Bila kamusi ya visasili pembeni, utajua kila neno na usijue ni nani aliyegeuka kuwa mti.

*Darasani.* Watoto wanapenda visa vyake, na watu wazima pia. Kimoja kinatuhusu. Phaethon, kijana aliyeomba kuendesha gari la Jua, anashindwa na farasi na dunia inaanza kuungua. Ovidius anasema hapo ndipo, *waaminivyo watu*, Waethiopia walipopata weusi wao, damu ikivutwa na joto hadi juu ya ngozi. Kisha Mto Nile, kwa hofu, unakimbilia mwisho wa dunia na kuficha kichwa chake, ambacho, anasema, hadi leo kimefichika. Msomaji wa Jinja, au wa Rutovu kule Burundi, anaweza kumjibu kwamba hakijafichika, njoo uone. Mishororo hiyo inatosha kipindi kizima cha mjadala kuhusu namna Roma ilivyolifikiria bara hili, mahali ilipojua na mahali ilipokisia.

Lakini kuna upande mwingine. Visa vingi vya Metamorphoses ni vya mungu anayemkimbiza msichana asiyemtaka, na baadhi ni vya ubakaji uliosimuliwa waziwazi. Cha Philomela katika kitabu cha 6 kinatisha. Vyuo vingi vimejadiliana kuhusu namna ya kuvifundisha. Binafsi sioni kuwa jawabu ni kuvificha. Mwalimu awaambie wanafunzi mapema wanakokwenda, na asivipambe maneno ya upole kana kwamba ni hadithi za uchumba.

*Utafiti.* Uwanja mpana: jinsia, madaraka, usimulizi, na uhamisho. Mwaka 8 BK Augustus, yule Kaisari Augusto wa Injili ya Luka, alimpeleka uhamishoni Tomis, ambayo leo ni Constanţa nchini Romania. Mwenyewe anataja sababu mbili, shairi na kosa, na kosa hakulisema kamwe. Hakurudi.

*Anamfaa nani.* Anayejisomea peke yake, anayehitaji kusoma kurasa nyingi haraka ili Kilatini kimkolee, na mwalimu anayetaka darasa lisisinzie.

Vergilius

*Urefu.* Aeneis ni vitabu 12, mishororo 9,896. Hakuna anayeanza na kuimaliza bila mpango. Wengi huchagua kitabu kimoja: cha 2, anguko la Troya, au cha 4, kisa cha malkia Dido, mishororo 705. Anayetaka kifupi aende kwenye Eclogae, mashairi 10 ya wachungaji. La nne lina mishororo 63 na linatabiri mtoto atakayezaliwa na kuleta enzi ya dhahabu. Wakristo wa kale walilisoma kama utabiri wa Yesu, kwa hiyo waliopita seminari wana njia yao ya kuingilia.

*Mpangilio wa maneno.* Mgumu wa kadiri, ila sentensi zinamiminika kutoka mshororo hadi mshororo, na anapenda maneno ya kizamani. Ugumu wake hasa ni uzito: hakuna mshororo wa kupitia tu, na msomaji anayekimbia hapati kitu.

*Bahari.* Heksameta moja kwa moja, na ndiye aliyeifikisha ilipofika. Ukijifunza kwake, umejifunza.

*Maarifa.* Mshairi wa Kigiriki Homerus, Vita vya Karthago, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Roma. Siyo lazima uvijue vyote kwa kina, lakini bila hivyo Aeneas, shujaa wa utungo huu, ataonekana mtu wa kulalamika tu baharini.

*Darasani.* Kwa msomaji wa Afrika kuna mambo mawili ya kukaa nayo. Kwanza ni Dido mwenyewe, malkia wa Karthago, katika Tunisia ya leo. Augustino wa Hippo, aliyezaliwa na kukulia Afrika ya Kaskazini, anakiri katika Confessiones kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido. Pili ni maneno ya Anchises, baba yake Aeneas, katika kitabu cha 6: kazi ya Mrumi ni kutawala mataifa, kuwasamehe waliosalimu amri na kuwaponda wenye kiburi. Msomaji ambaye babu yake alilipa kodi ya kichwa hawezi kuyapita maneno hayo kwa utulivu, na hana sababu ya kuyapita hivyo. Vergilius mwenyewe anaonekana kuyatilia shaka kabla ya kitabu cha 12 kuisha, Aeneas anapomuua adui aliyepiga magoti. Au hayatilii? Hapo darasa linagawanyika, na vizuri ligawanyike.

*Utafiti.* Ufafanuzi juu yake ulianza zamani. Wa Servius ni wa yapata mwaka 400 BK na bado unatumika. Hiyo ni neema na mzigo. Kila swali limeulizwa, na maandiko ya kusoma kabla ya kuandika lako ni bahari isiyo na ng'ambo. Kwa anayeanza, afadhali: kitabu cha Clyde Pharr cha mwaka 1930, kwa vitabu sita vya kwanza, kinaweka msamiati na maelezo chini ya maandishi kwenye ukurasa uleule. Jambo moja la kushangaza wanafunzi: Vergilius alikufa mwaka 19 KK kabla hajaumaliza utungo wake, akataka uchomwe moto. Augustus akazuia. Ndiyo maana mishororo zaidi ya 50 imeachwa nusu.

*Anamfaa nani.* Mwenye subira na mwenye mwaka mzima, na anayekusudia kusomea fani hii chuoni, ambako kila mtu atadhani umeshamsoma.

Horatius

*Urefu.* Mafupi. Shairi la carpe diem, lililoandikwa kwenye fulana za dunia nzima, lina mishororo minane, na linaanza kwa kumkataza mwanamke kwenda kwa wapiga bao wa Babeli. Vitabu vitatu vya kwanza vya Carmina, mashairi 88, vilitoka mwaka 23 KK. Cha nne kilifuata miaka kadhaa baadaye.

*Mpangilio wa maneno.* Hapa ndipo kazi. Ufupi wake ni mtego. Tazama mshororo huu, wa kwanza katika shairi la tano la kitabu cha 1:

Quis multa gracilis te puer in rosa

Ukifuata neno kwa neno unapata: *yupi, mengi, mwembamba, wewe, kijana, katika mawaridi*. Linaonekana vurugu, lakini msomaji wa Kiswahili ana silaha ambayo Mwingereza hana. Sisi tumezoea upatanisho wa ngeli. "Mengi" haiwezi kumhusu kijana, inasubiri mawaridi. "Mwembamba" haiwezi kuhusu mawaridi, inasubiri kijana. Kilatini kinafanya hivyo hivyo kwa miisho ya maneno. Ukishaziunganisha jozi, unaona alichokichora: *wewe* upo katikati, kijana mwembamba amekuzunguka pande zote mbili, na mawaridi yamewazunguka nyote. Malenga wetu huita jambo hili kuboronga sarufi, na huliruhusu kwa ajili ya mizani. Horatius anaboronga kwa ajili ya picha.

*Bahari.* Alizitoa kwa Wagiriki, Alcaeus na Sappho, na ni za kujifunza moja moja. Ubeti wa Sappho una mishororo mitatu ya silabi 11 na wa nne wa silabi tano. Anayeujua msuko ataitambua mara moja ile raha ya mshororo wa mwisho kukatizwa.

*Maarifa.* Divai, siasa, marafiki, jiografia. Maelezo chini ya ukurasa yanatosha.

*Darasani.* Mishororo minne kwa kipindi, isizidi. Darasa la haraka litamchukia.

*Utafiti.* Vitabu vya Nisbet na Hubbard vya mwaka 1970 na 1978 ni vya lazima kwa mtafiti na si vya anayeanza. Vinadhani unasoma Kigiriki pia.

*Anamfaa nani.* Mtunzi. Anayeandika mashairi kwa Kiswahili atajifunza kwake namna ya kupanga maneno kuliko kwa hao wengine watatu.

Kwa hali yako

Kama Kilatini chako ni cha Kanisa, unakijua kwa masikio na sala, mpangilio wa maneno wa washairi utakushtua. Ingia kwa Catullus 85 na 101, kisha Ecloga ya nne. Horatius asubiri.

Kama unafundisha vijana na una muhula mmoja, chukua kisa cha Icarus cha Ovidius kwanza. Kina mwanzo na mwisho, kina baba na mwana, na hakina la kuficha. Wakikimaliza, wape Phaethon.

Unaomba nafasi ya kusomea fani hii Uingereza au Marekani? Soma walau kitabu kimoja kizima cha Aeneis kwa Kilatini na vingine vyote kwa tafsiri. Hata kama moyo wako uko kwa Ovidius, nusu ya utani wake anautoa kwa Vergilius.

Unatafuta mada ya tasnifu na maktaba yako ni intaneti tu: Ovidius au Catullus. Maandishi yote manne yanapatikana bure kwenye tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts na kwenye The Latin Library, na Dickinson College wana ufafanuzi wa bure wa kitabu cha kwanza cha Amores na wa sehemu za Aeneis. Kwa Vergilius utahitaji majarida mengi ya kulipia kabla hujajua kama wazo lako ni jipya.

Unayesoma kwa msaada wa tafsiri, lugha uliyosomea shule itaamua. Kwa Kiingereza kuna Loeb, majalada mekundu yenye Kilatini kushoto na tafsiri kulia. Kwa wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, Les Belles Lettres ya Paris ina mfululizo wa namna hiyo, na kwangu maelezo yake huwa mengi zaidi. Yoyote utakayotumia, soma Kilatini kwanza, ukwame, ndipo uangalie upande wa pili.

Na kama unatoka kazini saa moja usiku na una nusu saa tu kabla ya usingizi, Ovidius siku za kazi, mishororo 10 au 15, na Horatius Jumapili mchana, ubeti mmoja, kalamu mkononi ya kuunganisha vivumishi na nomino zake.